Doris Miller, boyi wa meli mwenye alishika bunduki

Ndugu watumikaji, na ninyi mama na watoto wenye munasoma gazeti hili mu kampi, leo tunaweka kidogo pembeni mambo ya mushahara na ya mikataba. Tuongee juu ya maisha ya mutu mumoja mwenye alikufa zamani, mu mwaka wa 1943, mbali sana na hapa, ndani ya maji ya bahari ya Pasifiki. Hakuchimba shaba hata siku moja. Alikuwa mupishi mu meli ya vita ya Marekani. Lakini wakati nilijifunza maisha yake, kila mara niliona sura ya watu wenye ninawajua mu kazi yetu. Njo maana ninamuleta kwenu.

Jina lake ni Doris Miller. Marafiki walimuita Dorie.

Mutoto wa mashamba ya pamba

Alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1919, karibu na muji wa Waco, mu jimbo la Texas, ku kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa Connery Miller, mama yake Henrietta. Walizaa watoto wanne, wote wanaume, na Doris alikuwa wa tatu. Doris ni jina la mwanamuke. Wanasema mama mwenye alizalisha, mbele mutoto hajatoka, alikuwa na hakika kama ni binti atazaliwa, na jina lilikuwa tayari. Mutoto alitoka mwanaume, jina likabakia.

Wazazi wake walikuwa walimaji. Wazee wa wazazi wake walikuwa watumwa. Mu Texas ya wakati ule utumwa ulikuwa umeisha ku karatasi, lakini mutu mweusi alikuwa na masomo yake ya pembeni, fasi yake ya pembeni mu gari la moshi, mulango wake wa pembeni mu nyumba za watu. Mwenye hakufuata sheria ile aliweza kupigwa, na hata kuuawa. Wazee wetu wenye waliishi mu cité wakati wa Wabelgiji, wenye walilomba karatasi kwa kutembea usiku, hawangekuwa na lazima ya kufasiriwa jambo lile.

Doris alikomaa na mwili mukubwa na nguvu mingi. Aliwasaidia wazazi mu shamba, alivuna pamba, aliwinda nyama kidogo na ndugu zake. Ku masomo ya Moore, yenye ilikuwa ya watoto weusi mu Waco, alicheza mupira wa Kimarekani na watu walimuogopa mu uwanja. Lakini ku kalasi mambo hayakuenda muzuri, akaacha masomo mbele ya kumaliza. Ilikuwa miaka ya 1930, wakati wa shida kubwa ya kazi mu Marekani yote. Kijana mweusi bila diploma, kazi hakuna, njala iko. Vijana wenye wanakaa leo mbele ya mulango wa kampuni tangu saa kumi na mbili ya asubui, kungojea kama watalomba watu, wanajua maisha yale.

Tarehe 16 Septemba 1939 aliandikisha jina lake mu jeshi la maji. Vita ilikuwa imeanza mu Ulaya mwanzo wa mwezi ule, lakini Marekani ilikuwa haijaingia. Miller alikuwa anakaribia miaka 20. Alitaka kuona dunia, na kutuma kitu kidogo ku nyumba.

Kazi ya boyi

Sasa musikilize vizuri, sababu hapa njo kiini cha habari yote.

Mu jeshi la maji la Marekani, mutu mweusi hakuwa na ruhusa ya kuwa askari wa kweli. Kisha vita ya kwanza ya dunia, waliacha kabisa kuandikisha weusi wapya kwa miaka zaidi ya 10. Fasi ya watumishi ilijazwa na watu wa Filipino. Wakati mulango ulifunguliwa tena, mwanzo wa miaka ya 1930, ulifunguliwa kwa kazi moja tu: kutumikia ku meza ya maofisa. Kupika, kuosha sahani, kutandika vitanda, kusafisha viatu, kukusanya nguo chafu na kuzipeleka kufuliwa. Wazee wetu wana jina la kazi ile, na kila mutu mu Katanga analijua: boyi. Unaweza kuvaa unifome, unaweza kula kiapo kama wote, lakini unabakia boyi.

Kupanda grade kulikuwa ndani ya kazi ileile: boyi wa darasa la tatu, wa pili, wa kwanza, kisha mupishi. Mashini, radio, bunduki, kuongoza meli, yale yote yalikuwa ya wengine. Wakubwa walisema mutu mweusi hana akili ya mambo ya mashini, na kama askari weupe hawatakubali kulala naye mu chumba kimoja. Tumesikia maneno ya namna ile hata hapa kwetu, mu miaka mingi yenye dereva mweusi alifanya kazi yote, na muzungu wa pembeni yake alibeba cheo na mushahara.

Miller alitumwa kwanza ku meli ya kubeba masasi na bombi. Mu Januari 1940 alipelekwa ku USS West Virginia, meli kubwa sana ya vita, yenye watu zaidi ya 1,000 ndani. Mule alijulikana upesi sababu ya ngumi zake: alipiga boksi, akawa bingwa wa meli yote kati ya wanaume wazito. Mu uwanja wa boksi muzungu alimupigia makofi. Kisha mechi, bingwa alirudi kuosha sahani.

Siku ya Munga: tarehe 7 Desemba 1941

Meli za Marekani zilikuwa zimefungwa mu bandari ya Pearl Harbor, mu visiwa vya Hawaii. Kati yao kulikuwa meli 8 za ile namna kubwa ya West Virginia. Ilikuwa siku ya Mungu, asubui. Watu wengine walikuwa wanalala, wengine walijitayarisha kwenda ku misa. Miller aliamuka saa kumi na mbili, alitumikia chakula, kisha alianza kukusanya nguo chafu za maofisa.

Karibu na saa mbili ya asubui ndege za Wajapani zilitokea. Kwa jumla zilikuja zaidi ya 350, kwa mara mbili. Vita ilikuwa haijatangazwa. West Virginia ilikuwa ku mustari wa inje, na ilipokea torpido mingi. Torpido ni bombi lenye linatembea ndani ya maji. Zilitoboa chuma cha ubavu moja kwa nyingine, na bombi mbili zilianguka kutoka juu. Maji yakaingia, mafuta yakamwangika juu ya maji, moto ukawaka.

Wakati wa hatari, kila mutu mu meli ana fasi yake, kama vile sisi tunafundishwa kila mutu mulango wake wa kutokea. Fasi ya Miller ilikuwa chini, mu chumba cha masasi ya bunduki za kupigia ndege. Alikimbia kule, akakuta torpido imeshaharibu yote. Mutu mwingine angesema: fasi yangu haipo tena, mimi ninaenda. Miller alirudi juu, fasi njia za meli zinakutana, kuonesha kama yuko tayari kwa kazi yoyote.

Ofisa mumoja alimuona, aliona pia mabega yake, akamuchukua kwenda juu fasi ya kuongozea meli. Kule kapiteni wa meli, Mervyn Bennion, alikuwa ameanguka. Kipande cha chuma kilikuwa kimemupasula tumbo. Miller na wengine walimubeba, wakamuweka fasi yenye kufunikwa kidogo na masasi. Kapiteni alikataa kutoshwa mu meli. Alilala pale, damu inamwangika, anauliza habari za vita na kutoa amri mupaka roho ikatoka.

Kisha ofisa mwingine, liyetena Frederic White, aliamuru Miller kumusaidia ku bunduki mbili za mashini, zile wanaita mitrayezi, zenye zilikaa pale juu bila mutu. Alifikiri Miller atapitisha masasi tu. Aligeuza macho kidogo, akakuta boyi ameshika bunduki na anapiga ndege. Hakuna mutu alikuwa amemufundisha kazi ya bunduki ile. Alikuwa ameangalia wengine, siku kwa siku, akapita na sahani ku mukono, na macho yake yalikuwa yanasoma. Munajua vizuri musaidizi mwenye hajaandikwa ku karatasi kama operatere, lakini siku operatere anaanguka mugonjwa, ni yeye anapanda mu mashini na kazi inaendelea.

Alipiga karibu robo saa, mupaka masasi yakaisha. Aliangusha ndege ngapi? Kisha vita, hadithi ziliongeza: wengine wakasema mbili, wengine nne, wengine sita. Yeye mwenyewe alifikiri labda alipata moja. Pale kila mutu alipiga masasi mu mbingu ileile, hakuna mwenye angeweza kuhesabu. Na mimi ninaona si hesabu ya ndege njo inaonesha ushujaa wake. Tuangalie kitu chenye alifanya wakati masasi yaliisha.

Wakati bunduki ilinyamaza, Miller alishuka kutosha watu wenye kuumia. Alivuta watu mu maji na mu mafuta yenye yalifunika meli, moto pembeni, moshi mu macho, mupaka amri ikatoka ya kuacha meli. Ngumi zile za boksi, siku ile zilibeba watu, na kati ya wale wenye walibebwa hakuna aliuliza rangi ya mukono.

Wenye walibakia chini

Kuna jambo moja la meli ile yenye mutu wa mine hawezi kusoma bila kushika kichwa.

West Virginia haikugeuka juu chini. Meli ya Oklahoma, yenye ilikuwa karibu, iligeuka na ikaua watu zaidi ya 400. Kwa West Virginia, ofisa mumoja, Claude Ricketts, alifikiri upesi: akafungula maji yaingie pia ku ubavu mwingine, ili uzito uwe sawa. Meli ikashuka wima, ikakaa chini ya bandari. Akili ile ilikomboa watu wengi. Hata hivi 106 walikufa.

Lakini kati ya wale 106, vijana watatu hawakufa siku ile. Walikuwa wamefungwa mu chumba chini kabisa, chenye maji hayakuingia. Walikuwa na chakula kidogo, maji ya kunywa, na kalendari ku ukuta. Askari wenye walichunga juu walisikia usiku ngo, ngo, ngo: mutu anapiga chuma. Walijua ni watu. Hawakuweza kufanya kitu: kukata chuma kungeingiza maji, na kukata na moto kungewasha mafuta. Wakati meli iliinuliwa mu mwaka wa 1942, walikuta maiti yao, na ku kalendari siku 16 zilikuwa zimekatwa na alama, mupaka tarehe 23 Desemba. Mu miaka mingi wazazi wao hawakuambiwa. Walifikiri watoto wao walikufa siku ya kwanza.

Mu mashimo yetu, tunajua sauti ile ya kupiga chuma. Kuna watu wenye wanasoma hapa wenye waliisikia. Sitasema mingi zaidi.

Jina lenye kufichwa

Wakati jeshi lilitangaza watu wenye walifanya muzuri siku ile, liliongea pia juu ya mutu mweusi mumoja. Jina halikuwekwa. Mutu mweusi mumoja, basi. Maofisa na askari wengine walikuwa na majina, na cheo, na muji wa kwao.

Ninaomba ruhusa ya kutoka kidogo mu habari. Miaka kadhaa imepita, mu fasi moja yenye nilitumika, jiwe lilianguka mu galeri. Kijana mumoja wa kazi ya siku, mwenye hakuwa hata na mukataba, alirudi mara mbili ndani na akatosha wenzake wawili. Wakati raporo ilitoka, iliandikwa kama kikosi cha usalama kilifanya kazi muzuri. Kijana hakuwa na jina. Tulienda kulomba jina lake liandikwe. Walituuliza: lina faida gani? Siku ile sikuwa na jibu la kutosha. Sasa ninalo, na linatoka ku maisha ya Miller.

Gazeti la watu weusi la muji wa Pittsburgh, lenye liliitwa Pittsburgh Courier, lilianza kutafuta mutu yule. Chama cha NAACP, chenye kilitetea haki za weusi, kiliandikia Presidenti Roosevelt. Barua juu ya barua. Mu Machi 1942, miezi mitatu kisha vita, jina lilitoka: Doris Miller, wa Waco, Texas. Pale mambo yalianza kutembea. Senatere mumoja na deputé mumoja walilomba Kongre imupe Medali ya Heshima, yenye ni kubwa kuliko zote mu Marekani. Minisitri wa jeshi la maji, Frank Knox, hakukubali. Mwanzo walimupa barua tu ya kumushukuru. Vyama, makanisa na magazeti hawakunyamaza. Mu Mei 1942 Roosevelt alikubali apewe Msalaba wa Jeshi la Maji.

Tarehe 27 Mei 1942, ku meli ya ndege USS Enterprise, pale pale Pearl Harbor, Amirali Chester Nimitz, mukubwa wa meli zote za Pasifiki, alimusimamia Miller mbele na akamufunga medali ku kifua. Alikuwa mutu mweusi wa kwanza kupata medali ile. Muangalie picha ya siku ile: kijana mukubwa, nguo nyeupe, uso hauchekeki, macho yanaangalia mbele.

Kapiteni Bennion, mwenye Miller alibeba, alipewa Medali ya Heshima kisha kufa, na alistahili. Lakini mu vita ile yote, hakuna mweusi hata mumoja alipewa medali ile wakati vita ilikuwa inaendelea. Ilingoja mupaka 1997 ndipo Marekani ilirekebisha, ikawapa weusi saba, wote wa jeshi la inchi kavu. Kati yao mumoja tu alikuwa angali muzima.

Medali ku kifua, sahani ku mukono

Mutafikiri kama kisha medali alipewa bunduki. Hapana. Alipandishwa kutoka boyi wa darasa la pili kwenda boyi wa darasa la kwanza. Amirali alimufunga medali, na kesho yake alirudi ku meza ya maofisa.

Mwisho wa 1942 walimurudisha Marekani kuzunguka mu miji, kusemesha watu ili wakopeshe serikali franga za vita. Alifika Waco, wazazi wakamuona na muji ukamushangilia. Alifika Dallas, alifika Chicago, akaongea na vijana weusi wa kwanza wenye walimaliza mafunzo ya askari wa maji ku kampi ya Great Lakes. Sababu mulango ulikuwa umeanza kufunguka: mu Aprili 1942 jeshi lilitangaza kama weusi wataweza kujifunza kazi zingine, lakini bado pembeni, na wengi wao walibakia ku bandari. Mu 1943 uso wa Miller uliwekwa ku picha kubwa za ku ukuta kuita vijana weusi waingie mu jeshi. Mukono wenye ulikuwa unamukatalia bunduki ulikuwa unatumia uso wake.

Kisha alirudi ku kazi. Walimupa grade ya mupishi wa darasa la tatu, akatumwa ku meli mupya ya kubeba ndege, USS Liscome Bay. Mu Novemba 1943 meli ile ilienda kusaidia kukamata kisiwa cha Makin, mu visiwa vya Gilbert. Tarehe 24 Novemba, karibu na saa kumi na moja ya asubui, submarini ya Wajapani ilipiga torpido moja. Iliingia karibu na chumba chenye bombi za ndege ziliwekwa. Bombi zote zililipuka mara moja. Meli ikazama kwa dakika 23. Watu zaidi ya 640 walikufa, 272 tu waliokolewa. Amirali Henry Mullinnix alikufa, na mupishi Doris Miller alikufa. Mu maji yale, hakukuwa tena meza ya maofisa na meza ya boyi. Miller alikuwa na miaka 24. Mwili wake haukupatikana.

Habari ya kama amepotea ilifika kwa wazazi wake tarehe 7 Desemba 1943, miaka miwili kamili kisha siku ya Pearl Harbor. Mama Henrietta hakupata kaburi la kulilia.

Chenye kilibakia

Mu 1944 jeshi la maji la Marekani lilipata maofisa wake weusi wa kwanza, 13 kwa hesabu. Mu Julai 1948 Presidenti Truman alitia sahihi amri ya kuondoa ubaguzi mu jeshi lote. Miller hakuyafanya peke yake. Watu maelfu walipigania. Lakini wakati mutu alisema mweusi hawezi, wengine walikuwa na jina la kumujibu. Na kama jina lingebakia mu sanduku, jibu lingekosekana. Njo faida ya jina.

Mu 1973 meli ya vita ilianza kazi na jina la USS Miller. Mu Januari 2020 jeshi lilitangaza kama meli kubwa ya ndege, ya ile namna yenye mara mingi inapewa majina ya mapresidenti, itaitwa Doris Miller. Ni mara ya kwanza jina la Mumarekani mweusi kuwekwa ku meli ya namna ile. Boyi mwenye alikatazwa kugusa bunduki, maofisa watatumika ndani ya jina lake.

Ninamalizia na tarehe moja. Wakati Miller alishika bunduki, tarehe 7 Desemba 1941, wazee wetu wa Union Minière walikuwa mu mgomo. Shaba yao ilikuwa inaenda kusaidia vita ya wale wenye walipigana na Hitler, bei ya vitu ilipanda, mushahara haukutosha. Waliacha kazi ku Jadotville, yenye tunaita leo Likasi, na ku Élisabethville. Tarehe 9 Desemba, siku mbili tu kisha Pearl Harbor, walikusanyika ku uwanja wa mupira wa Élisabethville, na basoda wa koloni wakawapiga masasi. Léonard Mpoyi, karani mwenye aliongea kwa ajili yao, alikufa pale. Wengi walikufa pamoja naye, na majina ya wengi wao hatuyasikie popote. Wiki moja, bahari mbili katikati, na watu wenye walisaidia kushinda vita ile wakihesabiwa kama mikono bila jina.

Kwa Miller, gazeti liliandika, chama kililomba, mama na baba walikumbuka, na jina likatoka. Hapa kwetu, wana wa wale wa 1941 wangali wanaishi mu cité zetu. Wazee wenye walisikia habari kutoka kwa wazazi wao wanaanza kuisha. Ninaomba kila mutoto mwenye anajua kuandika achukue kaye, akae karibu na babu au bibi, na aandike: nani alikuwa pale, alitumika fasi gani, alikuwa mutoto wa nani. Mulete ku ofisi ya sendika. Tutaweka majina yale pamoja.

Na kijana yule wa galeri, mwenye raporo ilimusahau: tumeshaandika jina lake mu kitabu cha sendika, ukurasa wa kwanza.